Volti Sita Ndani ya Kasha la Mbao

Vijana wa karakana mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijasahau. Mmoja wenu akamnong'oneza mwenzake, nami nikamsikia, kwamba mzee aandike yale mazuri mazuri na ya makosa ayaache, yasije yakaharibu kuagana. Kuagana tumeshaagana. Soda nimekunywa, kuku nimekula, saa ya ukutani mmenipa, na sasa nitaandika ninachotaka mimi. Vyeo sitavitaja, maana cheo unapewa na mtu ambaye kesho atampa mwingine. Mshahara nao kila aliyefanya kazi anajua ulivyo. Nitaandika habari ya kiungo kimoja cha waya, cha miaka ya hamsini, ambacho mpaka leo sijakubali kukisahau.

Nilianza kwenye shamba moja la mkonge kando ya barabara iendayo Horohoro. Jina la shamba silitaji, kwa kuwa walioliendesha hawapo tena kujibu. Baba yangu alishuka kutoka Usambara kuja kukata mkonge, akatuleta wanawe pamoja na Biblia na sufuria mbili. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Kwa elimu hiyo, nilipotimiza miaka kumi na tisa, nikapelekwa nyumba ya injini niwe naandika daftari: kila saa moja, volti ngapi, ampea ngapi.

Ukutani mwa nyumba ile kulikuwa na saa mbili kubwa za vioo. Ndivyo tulivyoziita, saa, ingawa hazikukwambia kama ni mchana. Moja ilionyesha volti, nyingine ampea. Umeme wenyewe ulikuwa ule unaokwenda upande mmoja tu, si huu wa siku hizi unaogeukageuka, kwa hiyo hesabu zake zilikuwa nyepesi na mvivu hakuwa na kisingizio. Aliyeitawala injini alikuwa Fundi Makame, Mpemba mwembamba, kofia ya viua kichwani hata kwenye joto lile. Umeme alijifunza melini, chumba cha mashine. Meli ilipomshusha Tanga akaoa Mdigo wa Moa, basi safari zikaishia hapo.

"Shikamoo, Fundi," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Mkono gani huo unaoshikia kalamu?"

"Wa kushoto, Fundi."

"Basi umenipa kazi, yakhe. Kwangu chakula utakula kwa kulia, hilo sina mjadala. Lakini koleo shika unavyoweza, vidole vikinyongwa havishiki kitu."

Nilikula kwake miaka miwili, kwa mkono wa kulia, nikimwaga mchuzi. Koleo nilishika kwa kushoto. Nikifunga waya, mizunguko yangu ilikwenda kinyume na ya watu wote, na Makame alikuwa akiipitisha kidole akicheka, akisema kazi yangu mtu anaweza kuitambua gizani.

Juu yetu alikuwapo injinia, Mzungu, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Funguo kwa sababu ya kishada cha funguo kilichoning'inia mkandani mwake. Kabati lake lilikuwa na mita, fyuzi na tepu za kufungia waya, na vyote hivyo vilikaa chini ya ufunguo. Mita ndiyo iliyokuwa haramu kabisa. Mwafrika aliruhusiwa kubeba ngazi ya kumpandisha Bwana akapime, lakini kupima mwenyewe, thubutu. Na kwa kuwa Makame aliandika hesabu zake kwa tarakimu za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani, Bwana Funguo aliamini kwamba hajui kuandika. Makame hakumsahihisha. Alisema mtu anayekudharau anakuachia nafasi ya kufanya kazi.

Nafasi hiyo aliitumia. Kwenye lundo la vyuma vikuukuu nyuma ya karakana aliokota mita ya volti iliyopasuka kioo, iliyotupwa na Bwana Funguo mwenyewe. Akaisafisha, akaiweka sawa, akailinganisha na saa ya ukutani. Ilikuwa inasoma volti tano pungufu, asubuhi na jioni, haibadiliki.

"Mbovu hii, Fundi," nilisema.

"Si mbovu. Inadanganya, ila inadanganya kwa kiasi kimoja, na kiasi chake nakijua. Jumlisha tano, yamekwisha. Ukipima sehemu mbili ukatafuta tofauti, huna haja hata ya kujumlisha."

Mita ile ilikaa ndani ya debe la matambara, nami nikafundishwa kila asubuhi Bwana alipokwenda kunywa chai. Makame alikuwa na majina yake. Volti aliita msukumo, ampea aliita mwendo, na ule ukinzani mnaousoma nyinyi vitabuni aliuita ubishi. Msukumo ugawe kwa mwendo, unapata ubishi. Msukumo uzidishe kwa mwendo, unapata moto. Siku moja mpishi wa nyumba ya meneja alituletea pasi ya umeme iliyokatika waya. Tuliitengeneza, tukaijaribu peke yake kabla mashine hazijawashwa. Saa ya volti ilisema mia mbili na ishirini, ya ampea ikajiinua hadi mbili.

"Ubishi wake?"

"Omu mia na kumi."

"Na moto wake?"

"Wati mia nne na arobaini."

"Haya. Siku ukikuta wati mahali ambapo hapana pasi, uliza nani anapigwa pasi."

Sasa niwaambie jambo moja ambalo asiyekaa shamba la mkonge halijui. Kule kila kitu kilifungwa kwa singa, zile nyuzi za mkonge. Suruali, mlango, kitanda, mbuzi, mzigo wa kuni, mguu wa meza ya kasisi, vyote singa. Ilikuwa bure, ilikuwa imara, na mkono ulikuwa umeshaizoea hata hukufikiri. Tepu ilikuwa kabatini kwa Bwana Funguo, na ukienda kuiomba uliulizwa maswali mpaka ukajiona mwizi. Basi mtu akikosa tepu, alifunga waya kwa singa, akaendelea na kazi.

Moto ulitokea siku ya Jumatano kabla ya adhuhuri, nyumba ya brashi, pale singa zilipokuwa zikisuguliwa kabla ya kufungwa marobota. Vumbi la singa linashika moto upesi kuliko petroli. Tulisikia kelele, tukazima umeme, tukakimbia na mchanga na magunia yaliyolowa maji. Jengo lilipona, lakini Saidi, kijana wa Kibondei aliyekuwa akilisha mashine, aliungua mikono yote miwili. Nilimwona akitolewa ameinyoosha mbele kama mtu anayeomba dua, na sura ile ninayo hadi leo.

Bwana Funguo alifika, akatazama ukuta uliokuwa mweusi juu ya mota, akatazama fyuzi, akatoa hukumu. Hakufungua kitu. Alisema Makame ameweka fyuzi nene kuliko inavyotakiwa, mota ikanywa umeme kupita kiasi, ikachemka, ikawasha vumbi. Jumamosi Makame angefukuzwa, na kwenye barua yake ingeandikwa kwamba yeye ndiye aliyesababisha moto uliomuunguza mtu. Barua ya namna hiyo ilimaanisha kwamba kuanzia mpakani hadi Pangani hakuna mtu ambaye angempa hata taa ya kubadilisha. Miaka yake yote ya umeme ingeishia kwenye mstari mmoja.

"Fyuzi ni ileile aliyonipa mwenyewe kabatini," Makame aliniambia. Hakupandisha sauti. Mwenye hasira nilikuwa mimi.

Alhamisi mashine iliwashwa tena, maana singa zilingoja brashi na meli haingoji mtu. Bwana Funguo alipokwenda kunywa chai tulitoa mita kwenye debe. Kwanza tulianza na mota. Saa ya volti ukutani ilisema mia mbili na ishirini, ya ampea thelathini, na mzigo ulikuwa mota ile peke yake. Kibandiko cha mota nacho kilisema thelathini, kwa volti mia mbili na ishirini. Hiyo ni wati elfu sita na mia sita, haki yake ya halali. Nikapima penye swichi ya mota: mita yetu ikasema mia mbili na tano, yaani kweli ni mia mbili na kumi. Mara thelathini, wati elfu sita na mia tatu. Mota ilikuwa inakula chini ya haki yake. Mlafi hakuwa yeye, na fyuzi haikuwa na kesi.

"Volti kumi zimepotea njiani," Makame alisema. "Wapi?"

Nilipanda ngazi kwenye nguzo ya nje, pale waya unapoingia nyumba ya brashi. Mita ikasema mia mbili na kumi na moja. Kutoka nyumba ya injini hadi pale zilikuwa zimepotea nne, na waya ule ulikuwa mrefu, kwa hiyo wati zake mia na ishirini zilitandazwa njia nzima na hazikumdhuru hata kunguru. Lakini kutoka nguzoni hadi swichi ni hatua chache tu, na hapo zilipotea sita. Sita ugawe kwa thelathini, ubishi wa sehemu mbili za kumi za omu. Sita mara thelathini, wati mia na themanini. Hazikuwa zimetandazwa. Zilikuwa zimekaa mahali pamoja, karibu nusu ya pasi, ndani ya vumbi la singa.

Kati ya nguzo na swichi hapakuwa na kitu isipokuwa kasha refu la mbao lenye nyufa, lililopigiliwa kwenye ukuta uleule mweusi, ndimo waya ulimopita. Nilikuwa juu ya ngazi nikipiga hesabu hiyo, nikakumbuka. Ndani ya kasha lile mlikuwa na kiungo kimoja. Panya walikuwa wametafuna waya, mwaka wangu wa kwanza, wakati Makame alipokwenda Pemba kumzika mama yake. Nilikifunga mimi. Tepu sikuiomba, kwa kiburi cha kutotaka kuulizwa maswali. Nilifunga kwa singa mbichimbichi kutoka kamba za kuanikia, yenye maji ya mkonge ambayo yanaila shaba kama yanavyoila ngozi ya mkataji.

Tulizima umeme. Makame alibandua ubao wa kasha kwa bisibisi, akatazama. Mimi nilikuwa chini, sikuona. Nilimwona tu anavyotulia. Kisha akafuta vumbi lote lililokuwamo, akarudisha ubao, akapigilia msumari kwa kiganja cha mkono.

"Kuna nini, Fundi?"

"Kiungo kikuukuu. Hakijulikani cha nani. Hesabu imekwisha, tusiseme kitu."

"Lakini hesabu inakuokoa."

"Inaniokoa na fyuzi tu. Kiungo kiko chini yangu, nitakijibia mimi. Washa umeme, yakhe, nyapara anapiga kelele."

Nikawasha. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita, nami nimenyamaza. Katika miaka yangu yote ya kazi, siku ninazozionea haya ni hizo mbili. Nilijidanganya kwamba labda panya, labda kuna mwingine aliyekifungua baadaye. Nilimfikiria baba na mgongo wake, na maneno atakayosema nikifukuzwa. Ijumaa jioni nikapita kumwona Saidi, mikono imefungwa vitambaa, mama yake anamlisha uji. Akaniuliza, "Ni kweli Fundi Makame ndiye aliyeniunguza?" Nikasema sijui. Nilitoka pale nikijichukia, nikasema liwalo na liwe.

Jumamosi Bwana Funguo aliingia nyumba ya injini na barua mkononi. Kabla hajafungua mdomo nilipiga magoti, nikaandika sakafuni kwa chaki, kwa tarakimu anazozisoma yeye. Volti hizi, ampea hizi, wati za mota hizi, chini ya kibandiko. Makame akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza, mwanangu." Sikunyamaza.

"Nani napima?" Bwana Funguo aliuliza, kwa Kiswahili chake. "Wewe napima na nini?"

Nikaenda kwenye debe, nikatoa mita, nikaiweka juu ya chaki.

"Hii mali ya shamba."

"Uliitupa, Bwana. Inasoma pungufu tano. Ya kwako haijapungua, basi chukua ya kwako ukapime mwenyewe. Ukikuta si sita, nifukuze na mimi."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa nimewahi kumwambia Mzungu neno refu kiasi hicho. Macho sikuyashusha. Alinitazama, akatazama chaki. Hakuwa mjinga, hilo nampa haki yake. Alifungua kabati, akachukua mita yake, akaenda. Alipima nguzoni: mia mbili na kumi na sita. Alipima penye swichi: mia mbili na kumi. Akapima tena, kana kwamba huenda mita ingemwonea huruma. Kisha akazima umeme, akang'oa ubao.

Kiungo kilikuwa cheusi na kijani. Singa iliyokigusa shaba ilikuwa majivu, ila pembeni mizunguko michache ilikuwa imebaki.

"Nani nafunga hii?"

"Mimi," alisema Makame.

"Ni mimi," nilisema.

"Kijana anataka kunisaidia, Bwana. Mimi ndiye fundi, mimi nimefunga."

"Bwana, tazama singa inakozungukia," nilisema. "Inakwenda kushoto. Mpe waya na singa afunge mbele yako, na mimi nipe."

Akatupatia. Brashi nzima walikuwa wamesimama wakitazama. Mimi nilifunga bila kutazama vidole, kama nilivyofunga mamia. Makame, mtu wa mkono wa kulia, alichukua koleo kwa kushoto. Mtu aliyefunga waya melini mawimbi yakimrusha, siku ile vidole vyake viliparaganyika kama vya mtoto anayejifunza kufunga kiatu. Alizungusha mara ya kwanza ikaenda kushoto, mara ya pili mkono ukamsaliti ukarudi kulia. Akafungua, akaanza upya. Jasho likamtiririka kutoka chini ya kofia. Sikuweza kumtazama, nikamshika mkono, nikasema, "Fundi, basi." Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu Alhamisi, tangu alipobandua ubao.

Barua ilichanwa. Nyingine ya kufukuza ikaandikwa, yenye jina langu, na nilipoulizwa kama nina la kusema nilisema ninalo: tepu itolewe kabatini. Bwana Funguo aliirusha ile mita mbovu kwenye lundo la vyuma kwa mara ya pili. Lakini Jumatatu, alivyonisimulia Saidi baadaye, tepu ilikuwa juu ya meza, na Makame ndiye aliyefungua makasha yote ya shamba zima, moja baada ya jingine.

Jumamosi ileile Makame alinisindikiza hadi barabarani, nami na kifurushi changu. Alikuwa amenuna.

"Mimi nina Pemba," alisema. "Nina mikarafuu ya marehemu baba na jaluba la mpunga. Ningefukuzwa, ningekula. Wewe una nini? Nilikuwa nakuachia kazi, ukaitupa."

"Fundi, saa inayodanganya tano unaitumia kwa sababu unajua inadanganya kiasi gani. Mimi ningenyamaza, ungejuaje kiasi changu?"

Alitia mkono ndani ya kanzu yake, akatoa mita, kioo chake kimepasuka mahali pa pili, akanipa.

"Imetupwa mara mbili," alisema. "Sasa haina mwenyewe. Na kiungo kile, siku nyingine, kaza zaidi. Hata kwa tepu kisingefaa."

Nilikwenda kwa Saidi kabla sijapanda lori, nikamwambia kwa mdomo wangu nani aliyemuunguza. Alinitukana, na haki yake. Mwaka uliofuata alikubali kunywa chai na mimi. Mikono ilipona, isipokuwa kidole kimoja ambacho hakikunjiki.

Hayo ndiyo niliyotaka kuandika. Yaliyofuata mnayajua, miaka ya kubeba mizigo mpaka barua ile ikasahauliwa, kisha karakana za mjini, nyaya za bandarini, nguzo za Nguvumali ambako nimejenga. Kila nilikokwenda kulikuwa na mkubwa aliyeniambia nibadilishe mkono, nifunge kama wenzangu, kazi ifanane. Wengine walisema kwa upole, mmoja alinitishia. Wote niliwakatalia, na vijana mlinicheka mkidhani ni ukaidi wa uzee. Haya, sasa mnajua. Viungo vyangu vimo ukutani na juu ya dari za mji huu wote, nimevikaza, nimevitia tepu, na vyote vinazunguka kushoto. Siku ukitokea moshi, fungueni kasha mtazame, na kama ni kushoto msihangaike kumtafuta mtu mwingine.